Sikiliza Tangi la Choo Usiku

Bili ya maji ikija kubwa katika nyumba ya kupanga, wa kwanza kushukiwa ni mama mwenye watoto wadogo, kwa sababu anafua kila siku. Anayefuata ni kijana anayeoshea pikipiki uani. Bili hugawanywa kwa vichwa, kila mmoja hutoa fungu lake huku akinung'unika, na mwezi unaofuata inakuja kubwa zaidi. Nimeona majirani wakifikia kunyimana salamu kwa jambo hili, na wakati wote huo chanzo kilikuwa nyuma ya mlango wa choo cha pamoja: utepe mwembamba wa maji unaoteremka kwenye sinki la choo mchana na usiku, bila sauti.

Hesabu yake inatisha. Chukua tangi linalovuja robo lita kwa dakika, yaani kikombe kimoja cha chai. Uvujaji wa namna hiyo haumkoseshi mtu usingizi. Kwa saa moja ni lita 15. Kwa siku nzima ni lita 360, ambazo ni ndoo 18 za lita 20. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 10,800, na kwa kuwa uniti moja ya mita ya maji ni lita 1,000, umelipia karibu uniti 11 ambazo hakuna aliyezinywa wala kuzioga. Zidisha kwa bei ya uniti iliyoandikwa kwenye ankara yako. Kisha fikiria kuwa humu humu Dar es Salaam kuna familia za watu watano au sita ambazo hazipati ndoo 18 za maji kwa siku, na zile zinazopata huzibeba kichwani.

Ninaandika makala haya nikiwa na imani moja. Hitilafu za tangi la choo ni chache, zinaeleweka na mtu yeyote, na nyingi hutengenezeka kwa kipande cha mpira na saa moja ya utulivu. Tunachokosa ni desturi ya kufunua kifuniko na kutazama ndani. Tumezoea kudhani kwamba humo kuna uchafu, au kuna mitambo ya watu waliosoma. Maji yaliyo ndani ya tangi ni yale yale ya bombani. Uchafu unaanzia kwenye sinki, chini yake.

Tangi hili, ambalo wengi tunaliita flashitanki, lina kazi mbili. Kwanza linaingiza maji na kuyazuia yanapofikia kimo chake. Hii ni kazi ya koki ya ndani yenye boya: maji yakipanda, boya linapanda nayo, na likifika juu linakandamiza raba ndogo inayoziba tundu la kuingilia. Pili, linayashikilia maji hayo mpaka mtu ayahitaji, kisha linayaachia yote kwa mkupuo. Kwa hiyo ukikuta tangi lina ugonjwa, jiulize swali moja tu: je, maji yanayoingia hayakomi, au yanayotoka hayazibiki? Ukishajua ni upande upi, huhitaji kubahatisha tena.

Tangi lililokuwa likisema

Wenye umri mkubwa watakumbuka matangi ya nyumba za serikali na za reli zilizojengwa enzi ya Waingereza. Tangi hilo lilikuwa la chuma, limewekwa juu karibu na dari, na mnyororo ukining'inia. Ndani yake hakukuwa na mlango wa chini unaofunguka. Kulikuwa na sifoni: bomba lililopinda, ambalo maji hayawezi kulipita mpaka yasukumwe kwa nguvu juu ya kona yake. Yakishavuka kona, uzito wa yale yanayoshuka huyavuta yaliyobaki yote, kama mtu anavyonyonya mafuta ya taa kutoka kwenye dumu kwa mpira na kisha kuyaacha yajiendeshe yenyewe.

Watu wengi husimuliwa kwamba choo cha kuflashi kilibuniwa na Thomas Crapper wa London. Sivyo. Crapper, aliyefariki mwaka 1910, alikuwa fundi na mfanyabiashara hodari wa vifaa vya maji. Choo cha maji kilikuwa kimeelezwa na Mwingereza John Harington tangu mwaka 1596, na hati ya ubunifu wa sifoni isiyo na mlango ilitolewa mwaka 1898 kwa jina la Albert Giblin. Nitaongeza, kwa ajili ya heshima ya pwani yetu, kwamba wakazi wa Gede karibu na Malindi walikuwa na vyoo ndani ya nyumba zao za mawe kabla Harington hajaandika neno.

Sifoni ina fadhila moja kubwa. Kwa kuwa hakuna mlango wa chini wa kuchakaa, maji hayawezi kupenya kimyakimya kwenda kwenye sinki. Na boya likishindwa kazi, tangi la zamani lilikuwa na bomba la maji ya ziada lililotokeza nje ya ukuta. Maji yalidondoka nje mbele ya macho ya watu. Mpita njia aliona, jirani akabisha hodi, mwenye nyumba akaona aibu na kumwita fundi siku hiyo hiyo.

Uingereza ililinda utaratibu huo kwa sheria mpaka mwisho wa mwaka 2000. Kuanzia Januari 1, 2001 matangi yenye mlango wa chini yakaruhusiwa, na bomba la ziada likaruhusiwa kumwagia ndani ya sinki. Sasa shirika la Waterwise la huko linakadiria kwamba vyoo vinavyovuja vinapoteza lita milioni 400 kwa siku. Ili msomaji wa Dar es Salaam aone ukubwa wake: mtambo wa Ruvu Chini umejengwa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu lita milioni 196. Nchi tajiri, yenye mafundi wenye vyeti kila mtaa, inapoteza vyooni kiasi kinachokaribia uwezo wa mitambo yote miwili inayotulisha sisi.

Na matangi ya aina hiyo ndiyo yaliyojaa madukani kwetu. Yana kitufe juu, mara nyingi kilichogawanyika vipande viwili, kimoja cha haja ndogo na kingine cha haja kubwa. Mtindo huo ulienea kutoka Australia miaka ya 1980, ambako ukame umewafundisha watu adabu ya maji, na nia yake ilikuwa njema. Tangi la zamani lilimwaga lita 9 kila mara. La sasa kwa kawaida humwaga 6, au 3 ukibonyeza kipande kidogo. Lakini rudi kwenye kikombe chetu cha chai. Uvujaji wa lita 360 kwa siku unafuta akiba ya lita 3 katika flashi 120. Hakuna familia inayoflashi mara 120 kwa siku. Naliona hilo kuwa kosa kubwa la usanifu: wamepunguza maji ya kila flashi, kisha wakamwondoa shahidi aliyekuwa akitoa taarifa za upotevu.

Kwa hiyo taarifa inabidi tuitafute wenyewe.

Rangi ya biriani na alama ya penseli

Njia rahisi kuliko zote inahitaji rangi ya chakula, ile ile ya kutilia biriani, inayouzwa kila duka la mtaani. Funua tangi, tia rangi kidogo, koroga, kisha asiingie mtu chooni kwa nusu saa. Ukirudi ukakuta maji ya sinki yamebadilika rangi, tangi linavuja. Fanya hivyo usiku wakati watu wamelala, utapata jibu la uhakika. Ukikosa rangi, futa ukuta wa nyuma wa sinki kwa kitambaa mpaka ukauke, bandika karatasi laini ya chooni, na utazame kama italowa.

Rangi inakuambia kuna uvujaji. Penseli ndiyo inayokuambia uko wapi. Acha tangi lijae, chora mstari kwenye ukuta wake wa ndani pale maji yalipofika, kisha funga koki ndogo iliyoko ukutani chini ya tangi. Ngoja kama saa moja. Maji yakishuka chini ya mstari, yanatokea chini, kwenye mlango wa kutolea. Yakibaki palepale, ilhali koki ikiwa wazi tangi huwa linavuja, basi mlango ni mzima na kosa ni la boya: maji yanaingia kupita kiasi na kumwagikia kwenye bomba la ziada lililosimama katikati.

Katika nyumba iliyounganishwa moja kwa moja na bomba la mamlaka, mita nayo husema: funga koki zote, tazama kile kigurudumu kidogo kwenye uso wake. Kikizunguka, kuna mahali maji yanakwenda. Lakini nyumba nyingi zetu zina simtanki, na mita haioni kinachotokea baada ya hapo. Huko dalili ni nyingine. Simtanki lililojazwa jioni linaamka limepungua, au mota ya kupandishia maji inajiwasha saa nane za usiku na hakuna aliyefungua bomba. Mwenye nyumba wa namna hiyo hulipia choo chake mara mbili, kwa mamlaka ya maji na kwenye luku.

Maji yasiyokoma kuingia

Tuanze na boya. Katika matangi ya zamani ni mpira wa duara mwishoni mwa mkono wa shaba. Katika mapya ni kikopo cha plastiki kinachopanda na kushuka kwenye mhimili. Linyanyue kwa kidole. Maji yakikoma, koki ni nzima na boya limewekwa juu mno: teremsha kwa kuzungusha skrubu yake, au, kama ni la mkono wa shaba, pinda mkono kidogo kuelekea chini. Kimo sahihi ni kama sentimita mbili na nusu chini ya mdomo wa bomba la ziada. Boya la duara lililotoboka huingia maji, likawa zito na kuelea kwa shida. Litikise, ukisikia maji yakicheza ndani, limekwisha kazi. Usiku huo unaweza kulimwaga, kulifunga ndani ya mfuko wa plastiki usiopenya maji na kulirudisha. Asubuhi nunua jingine.

Ukinyanyua boya na maji yakaendelea kuingia, shida ni raba ya koki, au ni takataka zilizokwama chini yake. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo matangi yetu yanapotofautiana na yale ya kwenye vitabu vya maelekezo. Sisi tunaishi na mgao. Mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua, wakazi wa Dar es Salaam walipangiwa siku za kupata maji na siku za kukosa. Bomba likikaa tupu, kutu hukauka na kubanduka, na udongo hupenya kwenye nyufa. Maji yakirudi huja na hivyo vyote, yakiwa na kasi, na mahali pembamba kuliko pote katika nyumba nzima ni tundu la koki ya tangi la choo. Chembe moja ya mchanga ikikaa chini ya raba, boya hata likipanda namna gani halitaziba.

Dawa yake haihitaji kununua kitu. Funga koki ya ukutani, fungua kichwa cha koki ya ndani (nyingi hufunguka kwa mkono, kwa kuzungusha robo mzunguko), toa raba uioshe. Kisha funika tundu kwa kikombe kilichoinamishwa na ufungue koki ya ukutani kwa sekunde chache ili maji yasukume uchafu nje. Rudisha. Koki nyingi za kisasa zina pia chujio dogo pale bomba linapoungana na tangi. Tangi linalochukua nusu saa kujaa mara nyingi lina chujio lililozibwa na tope. Na maji yakirudi baada ya siku za kukosa, fungua kwanza bomba la uani, liache mpaka yatoke meupe, ndipo ufungue koki ya chooni. Tabia hii peke yake inaokoa matangi mengi.

Kuna na msukumo. Kimo cha mita kumi za maji hutoa msukumo wa ba moja. Simtanki lililoko juu ya mnara wa mita tatu linatoa theluthi ya hapo, na baadhi ya koki za kisasa zimeundwa kwa msukumo mkubwa zaidi. Hujaza kwa kusuasua, na wengine hudhani zimeharibika. Uliza dukani koki ya msukumo mdogo. Kinyume chake, aliyeungwa moja kwa moja na bomba kuu ataona tangi limetulia mchana na kumwaga usiku. Watu wakilala matumizi hupungua, msukumo hupanda, na boya lililorekebishwa saa sita mchana halitoshi saa nane usiku. Lirekebishe usiku.

Maji yasiyozibika

Uvujaji ulio mwingi zaidi unatoka chini. Mlango wa kutolea ni raba: katika aina moja ni kifuniko cha mpira kinachovutwa na mnyororo mfupi, katika aina ya kitufe ni pete laini iliyoko chini ya mnara wa plastiki. Raba huzeeka. Hukakamaa, hujikunja, huota utelezi, au hushikwa na chokaa, hasa kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi. Kinachoiua haraka ni vile vidonge vya dawa vinavyotumbukizwa ndani ya tangi ili maji yawe na rangi na harufu nzuri, hasa vyenye klorini. Ninawasihi wasomaji waviache. Choo husafishwa kwa brashi na sabuni ndani ya sinki. Tangi liachiwe maji matupu.

Kabla hujagusa chochote, piga picha kwa simu. Kifuniko cha tangi ni cha kauri, kiweke sakafuni juu ya taulo, mbali na miguu ya watoto. Funga koki, flashi mpaka tangi liwe tupu. Aina ya kitufe: shika mnara, uzungushe robo mzunguko kinyume cha mshale wa saa, unanyanyuka wote mkononi mwako. Pete ya raba utaiona chini. Ioshe kwa maji na sabuni, na upitishe kidole kwenye ukingo inapokalia. Ukisikia kitu kinakwaruza, hapo ndipo maji yanapopitia. Chokaa huachia kwa siki au ndimu ikiachwa ilowe kwa muda. Usikwangue kwa kisu, mkwaruzo mmoja utakuwa njia mpya ya maji. Raba iliyokakamaa ibadilishwe.

Aina ya mnyororo ina kosa la kitoto ambalo hula uniti nyingi: mnyororo mrefu mno huingia chini ya kifuniko na kukizuia kuziba, na mfupi mno hukivuta kikabaki nusu wazi. Uache ulegee kidogo tu.

Anayekwenda kununua raba aende nayo ile ya zamani mfukoni. Matundu ya kutolea hayafanani, yapo ya inchi moja na nusu na ya inchi mbili, na duka lolote la vifaa vya ujenzi, Kariakoo au popote, litakuuliza swali ambalo huwezi kulijibu kwa maneno. Kipande kikiwa juu ya meza hakuna ubishi.

Wenye sifoni, ambazo bado ziko nyingi katika matangi ya plastiki ya bei nafuu yenye mkono wa pembeni, hulalamikia jambo lingine. Mkono unapigwa mara nne, mara tano, ndipo maji yashuke. Mara nyingi ni utando mwembamba wa plastiki ndani ya sifoni umechanika, kwa hiyo hausukumi tena maji juu ya kona. Sifoni inatolewa kwa kulegeza nati kubwa iliyoko chini ya tangi, likiwa tupu na ndoo ikiwa tayari kukinga masalia. Mafundi wetu wa mitaani wamekuwa wakikata utando mpya kutoka kwenye plastiki nene wakiufuatisha ule wa zamani, na unafanya kazi kwa miaka. Huo ni ufundi wa kuheshimiwa. Lakini kabla ya kufungua, tazama kimo cha maji, kwa maana tangi lisilojaa vizuri nalo huifanya sifoni ishindwe kuanza.

Maji sakafuni ni habari nyingine. Yakitokea wakati wa kuflashi tu, kagua pete nene ya mpira kati ya tangi na sinki, na bolti mbili zinazovifunga pamoja. Bolti za chuma cha kawaida huliwa na kutu, na kwa hewa ya chumvi ya pwani huliwa mapema. Nunua za shaba au za chuma kisichoshika kutu, ukaze upande huu kidogo na upande ule kidogo, kwa mkono mwepesi. Kauri haivumilii nguvu. Ikipasuka, gundi haitasaidia.

Ndoo kando ya choo

Katika nyumba nyingi safari ya tangi huishia mahali pamoja. Linavuja, koki ya ukutani inafungwa, na pembeni inawekwa ndoo na kopo. Wiki inakuwa mwaka. Wageni huelekezwa mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba tangi halifanyi kazi.

Siwalaumu wanaoishi hivyo, mgao umetufundisha wote kuheshimu ndoo. Ila nawafikiria watu fulani. Ndoo ya lita kumi ni kilo kumi. Bibi mwenye magoti mabovu hawezi kuinyanyua na kuimimina kwa nguvu inayotosha. Mjamzito hapaswi. Mgonjwa aliyetoka hospitali na mshono wa tumbo ataogopa kwenda haja, atajizuia, na hatamwambia mtu kwa sababu ni jambo la aibu. Kitufe kinachofanya kazi kinamrudishia mtu stara yake, na stara ya mzazi haipimwi kwa bei ya raba.

Tangi lililoachwa na maji ndani yake lina hatari pia. Mbu Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hutaga kwenye maji safi yaliyotulia ndani ya vyombo, na anaishi karibu sana na watu. Dar es Salaam imepitia milipuko ya dengue mwaka 2014 na mwaka 2019. Tunahimizwa kumwaga maji ya vifuu, matairi na makopo uani, na tunasahau kisima kidogo kilichofunikwa kizembe ndani ya nyumba. Kama tangi lako limekufa na huna uwezo wa kulitengeneza mwezi huu, basi litoe maji yote, likaushe kwa kitambaa, na ulifunike sawasawa.

Waislamu wanajua katazo la israfu ya maji, ambalo linamhusu hata anayetawadha kando ya mto. Nadhani kila mtu mwenye dini au asiye nayo anaweza kulifikisha katazo hilo mpaka chooni.

Kuna kazi za kumwachia fundi: bomba lililo ndani ya ukuta, koki ya ukutani inayogoma kufunga, tangi lililopasuka, choo kinachohamishwa. Vijana wanajifunza ufundi bomba katika vyuo vya VETA na wanastahili kulipwa vizuri. Lakini mtazame anavyoanza. Fundi anayefunua kifuniko, akafunga koki, akakutolea raba na kukuonyesha ilipoliwa, tunza namba yake. Anayesimama mlangoni na kusema, "Mama, hili limekufa, tununue jipya," kabla hajatazama ndani, mshukuru umwache aende. Tangi zima hubadilishwa kwa nadra sana. Vya ndani vyake vyote vinauzwa kimoja kimoja.

Anayejenga sasa ana nafasi ambayo sisi wengine tuliikosa. Adai koki yake peke yake kwa kila choo, ili kimoja kikiharibika nyumba nzima isikatiwe maji. Atumie aina ya tangi ambayo vipuri vyake viko dukani leo, na anunue raba ya akiba siku hiyo hiyo. Akipenda matangi yanayofichwa ndani ya ukuta, ambayo yameingia kwa kasi katika nyumba mpya, ahakikishe kwamba bamba la kitufe linafunguka na mkono unafika ndani mpaka kwenye koki, kabla vigae havijabandikwa. Na siku ya kumlipa fundi salio lake, amwombe akae kidogo: rangi itiwe tangini, wasubiri nusu saa pamoja, wakatazame sinki, ndipo hesabu ifungwe.